Kufuli Lililolala

Chai ya kwanza haikunywewa. Bosi Zhuang aliimwaga juu ya vikombe kuvipasha moto, akajaza birika tena, na hapo ndipo alipofungua mdomo.

"Jumatano. Lori linatoka ghala la forodha saa nne na nusu asubuhi. Limebeba makatoni mia na ishirini ya chipu. Sisi tunachukua thelathini tu. Hakuna bunduki, hakuna kisu, hakuna kelele. Mwenye swali aulize sasa, akishatoka hapa asiulize tena."

Walikuwa wanne ndani ya stoo ya nyuma, ghorofa ya tatu ya soko la vifaa vya umeme, Huaqiangbei. Stoo haikuwa na dirisha. Sakiti kuukuu zilikuwa zimepangwa hadi dari, na hewa ilinuka risasi ya kulehemu. Zhuang Baichuan, mtu wa pwani ya Chaoshan, miaka hamsini na kitu, alikuwa ameuza chipu sokoni humo miaka ishirini: mpya, kuukuu, na kuukuu zilizooshwa zikapigwa chapa upya. Mwaka ule chipu zilikuwa zimeadimika dunia nzima. Ile iliyokuwa ikiuzwa yuani sita sasa ilitafutwa kwa mia mbili na haikupatikana. Viwanda vya magari vilikuwa vimesimama vinaomba.

Mkono wake wa kulia aliketi Hou Sanming, mwembamba kama ufito, mtu wa Zhuang tangu ujana. Mkono wa kushoto aliketi Kuang Dehai, miaka ishirini na tisa, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kiganjani. Na pembeni ya Dehai alikuwa dada yake, Yulan.

Yulan hakuwa mtu wa chumba kile. Alikuwa na miaka arobaini na sita, miwani, na vidole vyenye makovu madogo ya kuungua. Miaka tisa alifanya kazi katika kiwanda cha makufuli ya malori, meza ya vipimo. Kazi yake ilikuwa moja: kuilaza sakiti, kuigusa kwa sindano ya kipimo, kusoma umeme inaokula ikiwa usingizini. Ikizidi maikroampea tatu, kapuni. Mwaka uliotangulia kiwanda kilinunua mashine ya kufanya kazi hiyo, na Yulan akapewa bahasha na keki ya kuagwa.

Siku moja, wakila, alimsimulia Dehai jinsi makufuli yale yanavyolala. Alisimulia kwa kucheka. Wiki mbili baadaye Dehai akamletea salamu za Bosi Zhuang.

"Waeleze, Dada Kuang," Zhuang alisema.

Yulan alishusha kikombe. "Kufuli la lori halina waya wa umeme. Lina betri mbili, zinatakiwa ziishi miaka mitatu. Sasa ile chipu ya ndani, ule ubongo wake, ikikesha macho betri zitaisha kwa wiki. Kwa hiyo inalala. Karibu maisha yake yote ni kulala. Kila dakika nane inaamka, inatazama kama mlango umefungwa, inatuma habari makao makuu, inalala tena. Kuamka kwenyewe ni sekunde mbili."

"Na mlango ukifunguliwa imelala?" Hou aliuliza.

"Zamani ilikuwa inashtuka. Kulikuwa na waya wa mlangoni wa kuishtua. Lakini barabara zina mashimo, mlango unatikisika, kufuli likawa linashtuka mara elfu kwa siku. Betri zikawa hazimalizi mwezi. Wateja wakaja juu. Wahandisi wakauzima ule mshtuo. Sasa linaamka kwa saa yake tu."

"Basi dakika nane ni kipofu."

"Saba," Yulan alisema. "Likilala, hata saa yake nzuri inazimwa. Inabaki ile ya bei rahisi, na joto linaiyumbisha. Mimi siiamini dakika ya nane. Nitahesabu sita na nusu, halafu nitasema funga. Nikisema funga, mnafunga."

Hou alicheka, ingawa hapakuwa na la kuchekesha. Zhuang alichomoa ufunguo mrefu wa chuma mfukoni akauweka mezani. Chini ya kila kufuli kulikuwa na tundu lililofunikwa mpira, la siku betri zikifa. Nakala ya ufunguo huo alikuwa ameipata kwa mtu wa ghala la Huizhou, lori liendako.

"Mmesikia," alisema. "Neno la Dada Kuang ndilo neno langu."

"Na dereva hataguswa," Yulan alisema.

"Dereva atakuwa amelala. Nimekwambia."

"Umeniambia. Nataka wasikie na wao."

Zhuang akawageukia wengine. "Dereva haguswi. Haya, nyweni chai, inapoa."

Hiyo ndiyo sababu Yulan alikuwa pale. Dehai angekwenda na yeye au bila yeye. Bila yeye wangempiga dereva kichwani kwa rungu. Pamoja naye, hakuna ambaye angetoka damu. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na akalala usingizi mzuri.

*

Jumatano, saa 1:10 asubuhi.

Yulan na Dehai walikula tambi za mchele kwenye kibanda cha Wahunan, watu wa kwao, nyuma ya chumba alichopanga Yulan. Dehai alimimina pilipili hadi mchuzi ukawa mwekundu.

"Utaharisha kwenye kazi," Yulan alisema.

"Heri nife nimeshiba. Hii siyo pilipili, Dada, hii ni rangi. Nikifungua mgahawa wangu kwetu Shaoyang, mtu akionja atalia kwa jina la mama yake."

"Na mama atakuwa jikoni?"

"Mama atakaa kwenye kiti, atagombeza wateja. Kazi anayoiweza." Dehai alifuta jasho. "Wewe utapima chumvi. Ikizidi maikro tatu, kapuni."

Yulan alicheka bila kutaka. Alikuwa amemlea. Wazazi walipokwenda kutafuta kazi pwani, yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, Dehai ana miwili. Alijifunza kumlaza na kumwamsha, kumwogesha, kumtandikia. Hata sasa, akimwona anavuka barabara, mkono wake ulinyanyuka wenyewe.

"Baada ya leo, hapana tena," alimwambia.

"Baada ya leo, naenda nyumbani. Nimeshamwambia Zhuang."

"Alisemaje?"

"Alisema vizuri." Dehai aliinua bakuli akamaliza mchuzi. "Hakusema kingine."

*

Saa 6:12 mchana.

Pingdi. Chini ya daraja la barabara kuu palikuwa na kiwanja cha vumbi ambapo malori husimama kwa chakula na usingizi wa mchana. Joto lilikuwa nyuzi thelathini na saba. Simu zote waliziacha sokoni. Zhuang na Yulan walikuwa ndani ya gari dogo jeusi. Hou na Dehai walikuwa kwenye kigari cha mizigo chenye nembo ya maji ya chupa, kimeegeshwa kinyumenyume karibu na mahali ambapo Mzee Fan, dereva, huegesha kila Jumatano.

Saa 6:19 Fan alifika. Mtu wa miaka sitini, fulana nyeupe, chupa ya chai ya majani. Alikula wali wake wa boksi akiwa amechuchumaa. Kisha akafunga machela yake kati ya nguzo mbili za daraja, upande wa pili, ambako upepo hupita. Akajifunika kofia usoni.

Yulan alikuwa na kipokezi magotini, sanduku dogo kama kiberiti kikubwa, lenye taa moja nyekundu. Kufuli likituma habari, taa huwaka mara moja.

6:23. Taa iliwaka.

"Linalala," alisema. "Litaamka sita na thelathini na moja. Hapo ndipo tunaanza."

Zhuang alishuka akaenda kwenye lori. Yulan alibaki peke yake na redio ya mkononi. Kutoka alipokuwa, lori liliwaficha wote watatu. Aliona tu tairi za nyuma na miguu ya Hou.

6:31. Taa iliwaka. Kisha ikawaka tena.

Mara mbili. Yulan aliitazama. Chini ya daraja lile mtandao ulikuwa mbovu. Kufuli huenda lilirudia ujumbe uliokwama. Hakuwa na nafasi ya kufikiri zaidi. Alibonyeza redio.

"Anzeni."

Alisikia chuma, kisha mpira wa mlango ukibanduka. Kontena lile halikupitisha hewa. Chipu huogopa unyevu. Kuta zake zilijazwa povu kavu la kuzuia joto. Dehai aliingia ndani. Yeye alisukuma makatoni hadi mlangoni, Hou akayapokea, Zhuang akayaingiza kwenye kigari na kurudisha yale ya uongo, yaliyojaa sakiti mbovu na mchanga, yenye karatasi zilezile.

6:33. "Kumi," Hou alisema redioni.

6:35. "Kumi na tisa."

Fan alijigeuza kwenye machela. Fan alijikuna tumbo, akatulia.

6:37. "Ishirini na nane. Mawili ya mwisho yako juu, nyuma kabisa. Dogo anapanda."

Yulan alitazama saa. Sekunde thelathini. Ishirini. Kumi.

"Sita na nusu. Funga."

Kimya.

"Funga," alirudia.

Sauti ya Zhuang: "Sekunde kumi."

"Hakuna sekunde kumi. Funga."

Redio ilikoroma. Kisha akasikia mlango ukigonga na komeo la kufuli likizama. Alifumba macho. Injini ya kigari cha maji ilinguruma. Zhuang aliingia garini, jasho likimtiririka kidevuni, akageuza ufunguo.

"Wote wazima?" Yulan aliuliza.

"Wote."

6:39. Yulan aliitazama taa. Haikuwaka.

6:40. Haikuwaka.

"Halijaamka," alisema.

"Kimya ni kizuri," Zhuang alisema, akaondoa gari.

*

Saa 6:47.

Walisimama kwenye taa za barabarani, kilomita tano mbele, baada ya daraja la mto. Zhuang alikuwa anapiga mluzi mdogo. Walipovuka mto alikuwa ameshusha kioo, akatupa kitu, akapandisha kioo. Yulan aliona akadhani ni kichungi cha sigara.

Kigari cha maji kilikuja kikasimama upande wao wa kulia. Yulan aligeuza shingo. Hou alikuwa kwenye usukani, anatazama mbele, shingo imekakamaa. Kiti cha pembeni kilikuwa na mfuko wa mikate ya mvuke na chupa ya maji. Hakikuwa na mtu.

"Dehai yuko wapi?"

Mluzi ulikatika.

"Bosi Zhuang. Mdogo wangu yuko wapi?"

"Tulia."

"Yuko nyuma na mzigo?"

Zhuang alishika usukani kwa mikono miwili. "Alikuwa juu ya makatoni. Niliomba sekunde kumi. Wewe ulisema hakuna."

Yulan alimsikia. Maneno yaliingia moja moja.

"Sikiliza," Zhuang alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Dereva ataamka saa saba na nusu. Saa tisa wako Huizhou. Watafungua, watamkuta. Ni kijana, hana rekodi, atafungwa miaka mitatu. Hatatutaja, kwa sababu wewe ni mmoja wetu. Mama yenu nitamtunza kama mama yangu. Nakuapia."

"Ndani mle hamna hewa. Leo joto hili. Atakufa kabla ya Huizhou."

"Ni kijana."

"Nipe ufunguo."

"Uko mtoni."

Taa ya barabarani ilikuwa bado nyekundu. Yulan alifungua mlango. Zhuang alimshika kiwiko, naye akamng'ata mkono, kimya kimya, kama mnyama, hadi akaachia. Magari yalipiga honi. Alikimbia kati ya magari, kipokezi bado mkononi, hadi ng'ambo ya barabara ambako kijana wa kupeleka vyakula alikuwa amesimamisha pikipiki yake ya umeme anasoma anwani.

"Nirudishe darajani Pingdi," alimwambia. "Kuna mtu anakufa."

Kijana alimtazama usoni, akaweka sanduku la supu chini barabarani, na kumpa nafasi.

*

Saa 6:58.

Mzee Fan aliamshwa kwa kutikiswa. Alimwona mwanamke wa miwani, nywele zimemtawanyika, anavuta machela.

"Mzee, amka. Mdogo wangu yuko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya lori lako."

Fan alisimama peku. Walikimbia hadi nyuma ya lori. Yulan alipiga mlango kwa kiganja. Chuma kilimuunguza.

"Dehai."

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha, kutoka chini, karibu na bawaba, sauti: "Dada?"

Yulan alipiga magoti. "Mimi hapa."

"Nilijua utarudi. Nilimwambia Hou ngoja, mshenzi yule." Alinyamaza akitafuta pumzi. "Makatoni yaliniangukia gizani. Ule ukanda wa chuma wa kufungia, umenikata pajani. Huku chini kumelowa. Nadhani ni mimi."

"Vua mkanda. Funga juu ya jeraha, karibu na nyonga. Vuta mpaka uumie."

"Nimeshafunga. Unateleza."

Fan alikuwa amerudi na spana ya magurudumu. Aliingiza kwenye komeo, akaning'inia kwa uzito wake wote. Spana ilipinda. Kufuli halikusogea. Lilikuwa limetengenezwa lisisogee; Yulan alikuwa ameona majaribio yake.

"Simu yako, Mzee. Na uite gari la wagonjwa. Na polisi. Na zimamoto."

"Wewe ni nani hasa?" Fan aliuliza, akimpa simu huku anaomba nyingine kwa dereva wa jirani.

"Mimi ni mwizi," Yulan alisema.

Nambari ya huduma ilikuwa imebandikwa mlangoni. Alijua nani yuko zamu ya mchana. Walikula meza moja miaka sita.

"Huduma ya makufuli. Naomba nambari ya kufuli, tafadhali."

"Meizhu, ni mimi, Yulan. Andika: sita, mbili, sifuri, saba, tisa. Tuma amri ya kufungua. Kuna mtu ndani."

"Yulan? Mtu gani ndani?"

"Dehai. Tuliliibia lori. Tuma, halafu niulize."

Alisikia vidole vikigonga kibodi. Qin Meizhu hakuuliza. "Nimetuma. Amri inasubiri. Kufuli limelala, halisikii mpaka liamke."

"Najua. Litaamka sasa hivi. Lilipitisha zamu moja tu, mtandao..."

"Yulan." Kibodi ilikuwa imenyamaza. "Habari ya mwisho ni ya saa sita na thelathini na moja. Zimekuja mbili pamoja. Ya pili ni ya betri. Betri imeshuka chini ya kiwango. Tumeandika ibadilishwe tangu mwezi wa tano, hakuna aliyeibadilisha."

Yulan alikaa chini kwenye vumbi.

Aliijua hali ile. Aliipima yeye mwenyewe, mara elfu ngapi. Betri zikikaribia kufa, chipu haiamki tena kila dakika nane. Inajibana. Inazima kila inachoweza kuzima na kulala saa nzima, ili kile kilichobaki kisogee siku chache. Na inapoingia usingizi huo hutuma neno moja la ziada. Taa huwaka mara mbili.

Sasa lingeamka saa 7:31. Pale aliposema hakuna sekunde kumi, palikuwa na dakika hamsini na tatu. Dehai angeweza kushuka taratibu. Angeweza kukaa mlangoni akavuta sigara.

"Yulan, upo?"

"Nipo."

"Ule ufunguo wa dharura uko Huizhou. Nimewapigia kwa simu nyingine, wanatoka sasa. Ni saa nzima."

"Usikate," Yulan alisema. Aliiweka simu chini, akarudisha mdomo karibu na bawaba.

*

Saa 7:06.

Fundi wa matairi alikuja na msumeno wa umeme wa kukatia chuma. Fan alishika mkono wake kabla hajauwasha.

"Kuta zina povu. Cheche zikiingia, ataungua akiwa hai."

Fundi alipapasa ukuta, akashusha msumeno, akasimama akitazama miguu yake.

"Dada," Dehai alisema ndani. "Imebaki muda gani?"

Miaka tisa Yulan hakuwahi kuzidisha wala kupunguza namba. "Dakika tano," alisema.

"Sawa. Tano naweza." Baada ya muda: "Lile la thelathini nimelipata, unajua. Nimelikalia."

"Vizuri."

"Zhuang amekimbia?"

"Amekimbia."

"Alisema vizuri, niliposema naenda nyumbani. Nikajua siyo vizuri." Alicheka kidogo, kikohozi kikamkata. "Kuna joto, Dada. Ongea. Nikisikia kimya nasinzia."

"Niongee nini?"

"Chochote. Mchuzi."

Akaongea mchuzi. Mifupa ya ng'ombe ioshwe maji mawili. Ichemshwe, povu liondolewe kwa kijiko. Tangawizi ipondwe, isikatwe. Mdalasini kipande kimoja. Watu kumi au kumi na watano walikuwa wamekusanyika nyuma ya lori, madereva na wake zao. Mtu alileta mwavuli akamkinga jua. Fan alikuwa amechuchumaa karibu naye, kiganja kimebandikwa mlangoni kana kwamba angeweza kuupoza.

"Halafu pilipili," Yulan alisema.

"Siyo. Pilipili ukaange kwanza, mafutani." Sauti ilikuwa imeshuka mpaka sakafuni. "Usiharibu mchuzi wa watu. Imebaki ngapi?"

"Tano."

"Wewe na dakika zako," Dehai alisema.

Ilikuwa saa 7:14. Aliendelea. Alisema habari za vitunguu, za moto mdogo, za tambi zilowekwe usiku kucha. Aliuliza kama zilowekwe maji ya moto au baridi. Akauliza tena. Akagonga mlango kwa ngumi, mara tatu, kisha kwa mikono miwili.

Fan alisogea akamshika mabega. "Endelea kuongea, binti yangu," alimwambia. "Huenda anasikia."

Akaendelea.

Saa 7:16 lilifika gari la wagonjwa. Saa 7:20 polisi. Saa 7:29 zimamoto, wakaanza kushusha mtaimbo wao wa mashine. Askari mmoja alimuuliza Yulan jina lake, naye akalitaja bila kuacha kuutazama mlango, akarudi kwenye tambi.

7:31 ilipita. 7:32. Ile saa ya bei rahisi, katika joto lile, ilikuwa imechelewa.

Saa 7:34, wakati wazimamoto wanaingiza mtaimbo, taa ya kipokezi iliwaka vumbini ilikoangushwa. Komeo likatoka lenyewe, kwa mlio mdogo wa kawaida, na mlango ukaachia.

Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto kama ya tanuri. Dehai alikuwa amelala kiubavu, shavu limebanwa penye bawaba, mahali pale pale sauti ya dada yake ilipokuwa inaingilia. Mkanda ulikuwa bado mkononi mwake. Daktari wa gari aliingia, akagusa shingo, akakaa kitako, akagusa tena.

Yulan alipanda. Hakuna aliyemzuia. Alimfuta uso kwa upindo wa blauzi yake, kwanza macho, kisha pua, kama afanyavyo mtu kwa mtoto anayeandaliwa kwenda shule. Kisha akageuka kwa askari, akanyoosha mikono.

*

Hou alikamatwa siku ileile, kigari cha maji kimekwama kwenye foleni. Zhuang alikamatwa siku ya tatu kwa shemeji yake, Shantou. Kila mmoja alisema mwenzake ndiye aliyefunga mlango. Mpelelezi alimuuliza Yulan nani alitoa amri.

"Mimi," alisema.

"Hukujua kama yuko ndani."

"Andika nilivyosema."

Alihukumiwa miaka sita. Katika mwezi wa kumi na mbili, gerezani, alipewa barua iliyokwisha kufunguliwa na kusomwa. Mwandiko ulikuwa mzito, wa mtu asiyezoea kalamu. Ilitoka kwa Mzee Fan.

Aliandika kwamba kampuni ilimwachisha kazi, na kwamba haidhuru, magoti yalikuwa yamechoka. Majivu ya Dehai yalikaa kwenye nyumba ya kuchomea maiti miezi miwili bila mwenyewe. Mama hakuweza kusafiri. Basi yeye alikwenda akayaomba, akaandikishwa karatasi nyingi, akapanda nayo treni hadi Shaoyang, akayapakata njia nzima kwa sababu hakuona vema kuyaweka juu na mizigo. Mama yao alimpikia. Chakula kilikuwa kikali mno, alitokwa na machozi, na mama akamgombeza kwamba hajui kula.

Halafu, aliandika, mama aliniuliza mimi na mwanawe tulijuana vipi. Sikujua la kusema. Nikasema nilikuwa karibu. Akauliza kama alikufa peke yake. Nikamwambia hapana, Mama, alikuwa na dada yake, walikuwa wanabishana juu ya mchuzi.

Akacheka, Fan aliandika. Kisha akaingia jikoni, na hakutoka mpaka jioni.